Simbeye Aliyekwenda Kitwe

Benchi letu liko Tunduma, nyuma ya foleni ya malori, mahali ambapo dereva wa Kongo akipiga honi kahawa inatikisika kikombeni. Kahawa ya Mbozi halisi, anachemsha Yunisi, na hapo ndipo mambo magumu ya nchi mbili hutatuliwa kila asubuhi, mengi na mimi. Siku hiyo mwenye jambo alikuwa Fanuel, fundi matairi. Babu yake mzaa mama, Simbeye, alivuka mpaka kwenda migodi ya shaba Kitwe, Zambia, kabla ya uhuru, hakurudi. Sasa bibi yake, Tabita, yuko Hasamba, miguu imekataa, na kabla ya kufumba macho anataka jambo moja tu: aambiwe mumewe alizikwa wapi. Fanuel alikuwa amesikia kuna hifadhi za nyaraka za kale, akatuuliza zinaingiwaje.

Alikuwa amefika penyewe.

Enoka, tunayemwita Muhuri kwa kuwa aliwahi kuwa wakala wa forodha, alisema nyaraka ni kama lori la mzigo, bila wakala halisogei.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema. Ndiyo maana karatasi za mkoloni ziliwekwa darini, watu wasichoke viuno.

Makoye, mfugaji wa bondeni Momba, akapinga. Kwake mchwa walikula cheti cha ndoa, na ndoa yenyewe ikafuata, sembuse karatasi za babu wa watu. Kama zimebaki, basi ziko chini kabisa ya shimo la mgodi, na Mwingereza aliondoka na ufunguo.

Ikabidi niokoe jahazi. Nikawaeleza nilivyoingia hifadhini Dodoma, wakaninyang'anya kalamu ya wino wakanipa penseli, na majalada yalivyo mengi, ukiyapanga yanatoka hapa mpaka Vwawa. Niliyamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kila aliyewahi kuishi yumo, nikasema, hata ng'ombe wa kina Makoye, kwa rangi.

— Kwa rangi? Makoye akauliza.

— Na pembe.

Tukampangia Fanuel safari. Aanzie Mbozi Mission kwenye vitabu vya ubatizo, apite Dodoma, arudi, avuke Nakonde, ashukie Ndola kwenye karatasi za migodi. Enoka akaongeza Ujerumani, maana wamisionari waliandika kwao kila walipoumwa na mbu. Fanuel alikuwa ameshaanza kutafuta mteja wa pikipiki yake.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi dada mgeni, Loisi, akisubiri gari la Vwawa. Akasema taratibu kwamba yeye anafanya kazi hifadhi ya nyaraka, Mbeya. Nilihisi benchi limekuwa fupi.

— Kaka Fanuel, popote utakapofika watakuuliza kwanza, huyo babu jina lake nani?

— Simbeye.

— Hilo la ukoo. Kina Simbeye waliokwenda Kitwe wanajaza treni. Lake mwenyewe?

Fanuel akajieleza. Nyumbani babu aliitwa Baba Ketrina. Ketrina ndiye mama yake Fanuel, na yeye alimwita Baba tu. Wazee waliomjua wamekwisha. Na bibi, kama wanawake wengi wa umri wake, hajatamka jina la mumewe tangu alipoolewa.

— Mwandike Joshua, Enoka akashauri. Kina Joshua hawakosekani.

Fanuel akapiga simu Hasamba, akaweka sauti ya nje. Akasalimia sana, akazungukia mahindi, mvua, miguu, mwisho akauliza. Tukasikia kuku wa Hasamba.

— Njoo, bibi akasema. Jina la mume wangu halipiti kwenye simu, tena na watu wakisikiliza.

Fanuel akasimama, akamfuata Loisi kwenye gari la Vwawa, njia ya Hasamba, kikombe chake hajakigusa. Enoka akakitazama, akamtazama Yunisi, akakinywa. Mimi sikuwa na la kusema, na hilo nalo wangeliweka kwenye jalada, maana halitatokea tena.