Msimpe Celestino Chumba cha Mbele

Sogeeni, wanangu, Robinson na wewe Poni, maana sauti yangu imekwisha na sitaki kurudia neno. Nyumba hii ya mtaa wetu wa New Site ni yenu wawili, msiuze hata bati, na Robinson akioa aongeze chumba nyuma. Hilo ni jepesi. Zito ni la Celestino, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye wewe Robinson unataka kumpa chumba cha mbele kwa kuwa ni mwanajeshi, eti wanyang'anyi wa viwanja watuogope.

Nimechoka kulindwa, mwanangu. Tuliporudi kutoka ukimbizini Uganda, mwaka ule nchi yetu ilipopata uhuru, tuliibiwa, nikaenda polisi, wakaniomba mafuta ya gari ndipo waje. Nikarudi zangu kwa miguu. Basi nikawa naanika kambani magwanda ya marehemu baba yenu, wezi wapite wakidhani kuna askari ndani, na kweli walipita. Kisha vita vipya vikaja, Desemba ile, na magwanda yaleyale yakatuletea watu wenye bunduki wakiuliza huyo askari ni wa upande gani. Jibu lolote lingetuua. Ni Lubega, Mganda wa duka, aliyeanza kugonga sufuria, mkewe Josline akapiga jerikeni, mtaa mzima ukaitikia, mpaka wale wakaondoka wakitutukana. Hakuna jirani aliyeuliza kwanza mimi ni kabila gani.

Celestino si mbaya. Nimemlisha kwa mkono huu, nampenda. Lakini mshahara wake hauji, na askari asiyelipwa hujilipa mwenyewe. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, mwenye bunduki nani atamkabidhi jembe? Atailinda nyumba mpaka iwe yake, na ninyi mtamwamkia kama wapangaji.

Poni, niinue kidogo. Funguo ukae nazo wewe. Ua wa upande wa Lubega msiuzibe, mpate kusikiana. Mnizike karibu, msihangaike na safari, barabara si salama. Mungu awape usingizi, wanangu... usingizi tu, mimi sikuupata.

Nani anakohoa barazani? Ni yeye. Mlimwambia aje leo, siyo? Mwacheni, amesikia yote, na ni vizuri.

Celestino, mwanangu, ingia... ingia upesi nikubariki nawe. Godoro liache hukohuko nje.