Nafasi Aliyoiacha Wazi Onesmo

Kijiwe cha Nyahanga, pale Kahama, kina benchi moja, birika moja la kahawa la Mayu Zipora, yaani Mama Zipora, na wanaume watatu wanaojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Ila asubuhi hiyo ya mwaka tisini na sita kahawa ilikuwa haishuki kooni mwa Onesmo. Kampuni iliyokuwa ikipima dhahabu huko porini ilikuwa imebandika orodha ya vijana wa kazi waliochaguliwa na kompyuta, jina lake halimo, na gari la kambini linaondoka saa nne. Miaka sita ya kushuka mashimoni, kifua kama mlango wa ghala, halafu kompyuta inamruka kama dimbwi la maji machafu!

— Masharti matatu tu, alisema kwa mara ya tisa. Uwe chini ya miaka arobaini, uwe umechimba miaka mitatu, usiwe umewahi kuumia shimoni. Mimi ninayo yote!

— Kompyuta inanusa karatasi, alisema Mageni, aitwaye Profesa kwa sababu alifika darasa la nne. Wewe fomu umejazia kilabuni.

— Acha zako, Profesa! alidakia Sikujua, fundi baiskeli. Ile inahesabu meno. Kacheka kwenye picha, pengo likaonekana.

— Meno gani? alirudi Profesa. Inaongea na Ulaya kwa waya uliopita chini ya ardhi! Wameona jina la Onesmo wakasema, huyu atatumalizia dhahabu.

Hiyo ya mwisho Onesmo aliiamini kidogo.

Mara Disha, binti wa Bwana Harish wa duka la vitambaa, mwandishi wa kompyuta wa ile kampuni, akaja anahema, karatasi mkononi.

— Shikamoo, Mama Zipora. Kaka Onesmo, pale pa kuumia mbona hukujaza?

— Mchimbaji hataji ajali isiyomfika, dada. Ukiitaja umeiita. Hata kuandika "hapana" ni kuitaja.

— Mmeniponza! Niliiambia kompyuta ilete kila ambaye jibu lake si "ndiyo". Sasa nafasi tupu kwake si ndiyo wala si hapana. Haijui. Na isiyemjua haimleti. Mmeanguka wachimbaji wote wa hapa!

— Kwa hiyo? aliuliza Onesmo.

— Nikaongeza, "au nafasi iko tupu". Ikaleta kila aliyeacha tupu bila kujali umri wala uzoefu, hata Profesa aliyejaza fomu kwa siri na miaka yake hamsini na minane.

Profesa akanyoosha kola.

— Nimeshakutoa, mzee wangu. Hayo mawili ya kuumia, "si ndiyo" na "tupu", nimeyafungia kwenye mabano yawe sharti moja, umri na uzoefu vikabaki na nguvu yake. Kaka, upo. Namba kumi na saba.

Onesmo alikigugumia kikombe chote kwa mkupuo mmoja. Kahawa ikashuka.

— Ila bosi hataki nafasi tupu tena. Niambie tu, umewahi kuumia au hujawahi?

Onesmo aliziba mdomo kwa kiganja, asije akaiita. Kisha akasimama, akavua shati, akakunja suruali mpaka magotini, akajizungusha polepole mbele ya birika, vidole vyote kumi juu.

Disha alimkagua toka utosini mpaka kwenye kucha, akaandika neno moja.

— Usilisome kwa sauti! alipiga kelele Onesmo, tayari yuko mbio kulifuata gari, shati begani.