Bwana Septimus Garrowby na Kesi ya Mjane wa Lingkou

Bwana Septimus Garrowby, Balozi Mdogo wa Uingereza katika bandari yetu ya Lingkou, anastaafu tarehe 31 Machi 1889, baada ya kumtumikia Malkia wake kwa miaka ishirini na saba. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameishi nasi, katika ukungu wa mto na mafuriko ya kila mwaka.

Alianza kama mkalimani mwanafunzi Beijing. Lingkou alifika na masanduku manane ya vitabu na tumbo lisilostahimili pilipili. Pilipili aliizoea, machela ya kubebwa mabegani hakuizoea hata siku moja. Alipenda kutembea, na wapagazi waliona aibu kubaki nyumbani, kwa hiyo kila alipokwenda kumwona liwali, machela tupu ilimfuata nyuma. Wauza tofu waliwatania: "Jamani, leo mmembeba nani? Mzimu?" Mzee Pang, mkuu wa wapagazi, hakukosa jibu: "Tumebeba heshima yake. Mwenyewe ni mbishi."

Mwaka wa mafuriko makubwa alifungua maghala ya ubalozi, familia sitini zikalala humo, na wafanyabiashara wa Kiingereza wakamnunia hadi Krismasi. Hayo yamo kwenye majalada. Mimi nitasema lile ambalo jalada limelieleza vibaya.

Vuli ya mwaka 1874 baharia Mwingereza alimpiga mpiga kasia wetu, Ruan Degui, hadi akafa. Kwa mujibu wa mikataba ya nchi zetu mbili, Mwingereza huhukumiwa na balozi wake, hivyo mjane wa marehemu, Bi Ruan, alikuja kwetu ubalozini. Alipiga magoti mbele ya meza, kama tufanyavyo mbele ya liwali. Bwana Garrowby alimwonea huruma, akashuka kitini, akamwinua kwa mkono wake mwenyewe. Kwao huo ni uungwana. Kwetu mlalamikaji huinuliwa shauri lake likishakwisha. Bi Ruan aliona kwamba amefukuzwa. Aliinama, akatoka bila kusema neno. Balozi alidhani mama huyo ameondoa mashtaka, na kwa kukosa mlalamikaji akamwachia baharia. Meli yake iling'oa nanga alasiri ile ile.

Mkalimani siku hiyo nilikuwa mimi. Nilimwona mama yule akitoka, na nilijua kwa nini anatoka. Lakini kwetu karani hamkosoi mkubwa wake mbele ya watu, basi nikafyata ulimi. Meli ilipokwisha kupotea mtoni ndipo nikamweleza. Aliweka kalamu chini, akaniuliza:

"Una watoto wangapi, Bwana Kou?"

"Watatu, Mheshimiwa. Na mama yangu mzee."

"Basi andika jaladani kwamba kosa ni la hakimu, yaani langu."

Niliandika. Cheo cha Shanghai alichokuwa ameahidiwa kikaenda kwa mwingine. Kila vuli alituma barua katika kila bandari kumtafuta baharia yule, na mpaka leo hajapatikana.

Bi Ruan hakumsamehe. Kwa miaka karibu kumi na mitano, kila wakikutana sokoni, husema kwa sauti, "Mpisheni mlinzi wa wauaji!" Bwana Garrowby huvua kofia na kuinamisha kichwa. Hajawahi kumtajia jina langu. Nami huwa nyuma yake, nimemshikia mwavuli, naona haya hata kuinua macho.

Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, nami nimechelewa mno kuudhihirisha. Nilikwenda mwenyewe kumwalika Bi Ruan katika hafla hii ya kumuaga balozi. "Nitakuja," alisema. "Nataka nimwone kwa macho yangu akiondoka." Naam, amekuja, na wasifu huu unasomwa mbele yake.

Bi Ruan, mama, mtu uliyemtukana miaka yote hii siye. Ni mimi, Kou Tingrui, karani wa ubalozi, niliyekuona ukitoka nikanyamaza. Mumeo alikosa haki yake kwa ulimi wangu. Kuanzia kesho, ukinikuta sokoni, nitukane mimi.

Mheshimiwa Garrowby, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa yote. Safari yako iwe ya heri, uzee wako uwe wa amani, na mzigo huu niachie. Ulikuwa wangu tangu mwanzo.