Koti la Mvua la Délice wa Mulongwe

Kijiwe chetu kiko Mulongwe, mbele ya cherehani yangu, pale barabara kubwa inapouacha mji wetu wa kando ya ziwa kuelekea Kavimvira na bonde la Ruzizi. Kina benchi moja ya mbao, birika la mama Consolée juu ya makaa, na wanaume ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa. Jean-Marie tunamwita Prefe, kwa sababu aliongoza shule na mpaka leo anatusemesha kama darasa lililofeli. Thierry ni motari, jina lake Turbo, ingawa pikipiki yake kila mlima ni lazima isukumwe. Mzee Sebagenzi alitelemka na ng'ombe zake kutoka milima ya juu, akapenda kahawa, akabaki. Huyo tunamwita Mawingu. Mimi ni Basile, fundi wa nguo, wananiita Sindano. Ijumaa ile mvua ilikuwa imetulia kidogo tu, na matope yalikuwa yamefika miguu ya benchi, Délice alipotokea akisukuma velo, baiskeli yake ya mashindano, makoti mawili ya mvua begani.

— Ba papa, munisaidie, akasema. Course ya mavelo iko siku ya Mungu, wa kwanza ataenda kushindana Bukavu, na mvula itanyesha. Nivale gani?

Mulongwe nzima inamjua Délice. Ni binti wa Pudentienne, yule mama anayeuza ndagala sokoni, ng'ambo ya barabara. Asubuhi, kabla mama yake hajapanga samaki mezani, yeye ameshafika Sange na yuko njiani kurudi. Katika mashindano yaliyopita aliongoza wanawake wote mpaka mvua ilipowakuta mbele ya Sange. Shati lake la pamba lilikunywa maji, upepo wa bonde ukampiga, vidole vikakataa kukamata breki. Walimrudisha nyumbani ndani ya kamio, lori linalofuata mashindano, amekaa katikati ya mavelo kama mzigo. Vijana wa njiani wakamchekelea. Jioni yake Pudentienne alisema: "Wakikurudisha tena mu kamio, ile velo inaenda Nyakabere kwa shangazi yako, ibebe mihogo." Na Pudentienne akisema, amesema.

Turbo hakungoja hata kikombe chake kijae.

— Hapa hakuna cha kufikiri. Avale ile nzito, ile niliyomupatia. Minye navalaka koti sawa ile toka hapa mpaka Kamanyola, hata tone moja haiingiaka.

— Weye unakalaka juu ya moteri, Papa Thierry, Délice akamjibu. Minye moteri yangu ni miguu.

— Tuanze na rangi, Prefe akasema, akanyoosha kidole kama vile ubao uko mbele yake. Hii ingine, hii nyepesi, iko njano. Radi pia iko njano. Radi ikiona koti hii itazania ni ndugu yake, itashuka kumusalimia.

— Basi avale yangu nyeusi, Turbo akasema.

— Nyeusi, bashofere ba kamio hawatamuona. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

— Na ule mukia? Turbo akauliza, maana koti la njano lilikuwa refu nyuma kuliko mbele.

— Ule mukia ni ya mutu anaongoza waimbaji ba koralé. Nimeisha kubaona mu kanisa ya Bukavu.

Mzee Sebagenzi alikuwa anapuliza kahawa yake taratibu.

— Nyinyi munasumbuka bure. Kule kwetu juu, mvula na baridi ni ndugu wa tumbo moja. Ng'ombe, umeisha kumuona na koti? Ni mafuta tu. Mupake huyu mutoto siagi ya ng'ombe toka shingo mpaka kisigino. Maji itateleza.

— Na yeye atateleza ku kiti ya velo! mama Consolée akapiga kelele, na kahawa ikamwagika kwa kicheko.

Lakini Turbo alikuwa ameshawaka. Akasema koti lazima liwe pana sana, pana kama bashi, turubai la kamio, kwa sababu upepo wa ziwa utaingia ndani, utalijaza, utamsukuma Délice mpaka Katogota bila kukanyaga pedali.

— Na kurudi? nikamuuliza.

— Kurudi atalikunja.

— Na huo upepo utakuwa umeenda wapi?

— Sindano, weye shona nguo. Haraka haraka haina baraka.

Hiyo methali, kwa mtu anayekwenda kushindana mbio, ilimfanya Délice afunge macho. Akageuza velo yake kama mtu anayetaka kuondoka, nikajua hakuja kucheka. Nikachukua lile koti jepesi aliloliokota kwenye caguwa, mtumba wa soko letu, nikaligeuza ndani na nje kama fundi. Kitambaa chembamba, mshono umezibwa kwa utepe, kazi safi. Lakini chini ya makwapa nikakuta matundu, upande huu na upande ule.

— Wamekuibia, nikamwambia. Leta niyashone sasa hivi.

— Acha kwanza, Papa Basile. Iko inaonekana waliyaacha kwa kusudi.

— Fundi gani anaacha matundu mu koti ya mvula kwa kusudi?

Ndipo mama Consolée alipogonga birika lake kwa kijiko.

— Maneno haiko maji. Mumwagie mutu maji, muone.

Tukainua gurudumu la nyuma la velo juu ya sanduku la chupa, lizunguke bila kwenda mahali. Turbo akavaa koti lake zito, akalifunga mpaka kidevuni, akapanda. Mzee Sebagenzi akasimama juu ya benchi na beseni. Watu wa barabarani wakasimama.

— Mwaga! Turbo akasema. Mwaga yote! Minye niko mu nyumba yangu!

Akakanyaga. Maji yakashuka, yakateleza, wala hayakuingia. Prefe akaanza kutikisa kichwa kwa heshima. Lakini Turbo akaendelea kukanyaga, na sisi tukaendelea kumwaga, na uso wake ukaanza kung'aa. Kisha akaanza kuhema. Kisha akapiga kelele tumsimamishe. Alipofungua koti, moshi ukatoka kama wa sufuria ya ugali, na shati lake lilikuwa limemnatia mwilini, limelowa mpaka mshipi.

— Lakini maji imepita wapi? Prefe akashangaa.

Mzee Sebagenzi akagusa lile shati, akalamba kidole.

— Hii haiko mvula, akasema. Iko na chumvi.

Alikuwa amelowa kwa jasho lake mwenyewe. Na upepo wa mlangoni mwangu ulipompiga, yule Turbo wa Kamanyola akaanza kutetemeka mbele yetu sote.

Délice akapanda na koti la njano. Tukammwagia. Akakanyaga kwa nguvu zaidi ya Turbo, na muda mrefu zaidi. Shingoni maji yaliingia kidogo, siwezi kusema uongo. Lakini chini ya makwapa niliona mvuke ukitoka kupitia matundu yale niliyotaka kuyaziba. Na gurudumu lilipotupa maji kwenda juu, ule mkia ukayapokea yote, mgongo ukabaki mkavu. Aliposhuka, mwili wake ulikuwa moto.

— Unasikia baridi? nikamuuliza.

— Hapana. Lakini ku mikono inapigapiga sana, sawa bendera.

Nikakaa kwenye cherehani. Nikapunguza mikono ya koti, nikaibana kwenye kifundo, na yale matundu sikuyagusa. Nilipomaliza akalikunja mpaka likaingia kwenye mfuko wa mgongoni wa maillot, fulana yake ya mashindano.

— Koti inayoingia mu mufuko haiko koti, Prefe akanung'unika. Iko leso.

Lakini alinung'unika kwa sauti ya chini.

Jumapili, watu walipotoka misa na ibada, sote tulikwenda kusimama kwenye daraja la Mulongwe, mahali pa kumalizia. Pudentienne alikuwepo, amesimama peke yake karibu na chuma cha daraja, hana mwavuli, amevaa pagne, kitenge kipya cha maua mekundu. Hatukuthubutu kumsemesha. Washindani walikuwa wameshaondoka kwenda Katogota, na mvua ilikuwa imetelemka kutoka milimani kama mtu aliyetumwa. Turbo alikuwa na simu sikioni. Motari wenzake walikuwa wametawanyika njia nzima.

— Ku Katogota wamegeuka! akatangaza. Georgette wa Sange iko mbele. Wetu iko wa tatu.

Baada ya muda:

— Luberizi! Kuko baridi mubaya! Banaume babili bamepanda mu kamio!

— Na Délice? Pudentienne akauliza. Ndilo neno la kwanza nililomsikia kusema siku ile.

— Koti ya njano imepita, mama. Iko inapita watu.

Sange, tukaambiwa, watu walitoka majumbani kumshangilia Georgette wao, na nyuma yake karibu kabisa wakaona njano. Kisha simu ikakaa kimya. Mzee Sebagenzi alivua kofia, akaikamata mikononi, mvua ikimnyeshea kichwani, na hakuzungumza juu ya siagi. Hatimaye simu ikalia kutoka Kavimvira. Turbo akasikiliza, na uso wake ukamshuka.

— Wanasema mwanamuke wa kwanza amepita. Iko peke yake. Lakini hana koti ya njano.

— Georgette, Prefe akasema polepole.

Tukatazama barabara. Ndani ya ile mvua akatokea mtu mmoja, ameinama juu ya velo, amelowa chapachapa, bila koti. Mimi sikumtambua. Prefe hakumtambua. Akaja, akapinda kidogo kukwepa shimo lililojaa maji, tukaona mgongo wake una kipande cha maua mekundu.

— Ni wangu ule! Pudentienne akapaza sauti. Ni wangu! Mumuone!

Na yule mama ambaye sokoni hakimbii hata jua likimwunguza, akakimbia. Délice alivuka daraja mbele ya wanawake wote na mbele ya wanaume wengi, na kelele za Mulongwe zikafunika kelele za mto. Ni yeye atakayekwenda Bukavu kusimama kwa ajili ya pwani yetu yote. Georgette alifika baada yake, akitetemeka, na Pudentienne mwenyewe ndiye aliyemfunika kwa kitenge kikavu alichoazima kwa mama Consolée.

Kesho yake kijiwe kilijaa. Kila mmoja alikuwa ameshinda.

— Ni minye nilileta jaribio, Turbo akasema. Bila jasho yangu mungejua nini?

— Radi haikumugusa. Munajua ni juu ya nini? Minye niliomba, Prefe akasema.

— Ni ile mikono niliyobana, nikasema na mimi, maana nami napenda sifa.

— Maji iliteleza, mzee Sebagenzi akasema. Si niliwaambia?

Dereva mmoja wa kamio, mgeni, alikuwa amesimama kunywa kahawa kabla ya kupanda kwenda Bukavu. Alisikiliza mpaka kikombe kikaisha. Kisha akauliza kwa upole:

— Munisamehe, ba yaya, wakubwa zangu. Kama ni koti ndiyo ilimushindisha, juu ya nini alifika bila koti?

Turbo akatazama Prefe. Prefe akatazama mzee Sebagenzi. Mimi nikatazama sindano yangu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Délice mwenyewe.

Délice alikuwa ng'ambo ya barabara, anamsaidia mama yake kushusha beseni la ndagala. Mama Consolée akamwita, akamuuliza lile swali.

— Koti ilinifikisha Kavimvira, pale nikaivua, akasema. Bila yenyewe ningebaki Luberizi na wale wengine. Lakini Jumamosi, siku ya posho, mama alikata kipande ya pagne yake mupya, akaishona ku mugongo ya maillot yangu. Aliiweka tu juu ya kitanda.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa ba papa, mutu akukatie pagne yake, weye ufike mbele yake umeifunika na koti?

Ng'ambo ya barabara Pudentienne alikuwa anapanga samaki, hatutazami, lakini shingo yake ilikuwa imesimama wima kama ya mke wa mwami, chifu wa kwetu.

Mzee Sebagenzi akasogea kwenye benchi. Prefe akasogea. Turbo akasogea, na mimi nikasogea mpaka nusu ya mwili wangu ikawa nje.

— Ikala, mama, mzee akamwambia Délice. Consolée, muletee kahawa.

Akaketi katikati yetu.