Chokaa ya Mnara na Paa Linalovuja

Sikilizeni, wanangu, na mnisamehe mapema, kwa sababu maneno haya nitayasema vibaya. Nitaanzia katikati, nitarudi mwanzo, nitakohoa pale penye utamu, na huenda nikafa kabla ya kufika mwisho, jambo ambalo kwa msimulizi ni utovu mkubwa wa adabu. Lakini msinilaumu mimi, laumuni paa. Mtu ataachaje wosia wa heshima huku tone moja linamwangukia kwenye paji la uso na jingine kwenye beseni, to, to, to, kama karani anayegonga mihuri kwenye karatasi zangu za safari? Usinifute, binti yangu. Hayo si machozi, ni mvua. Machozi yakija nitayatangaza.

Wewe kifungua mimba wangu, kaa kulia. Wewe kitinda mimba, kushoto. Najua hamjakaa chumba kimoja tangu tulipomzika mama yenu, na hata leo mmoja ameingilia mlango wa mbele na mwenzake mlango wa jikoni, kana kwamba mimi ni daraja na nyinyi ni majeshi mawili yanayongoja kulivunja. Kaeni. Kitanda ni chembamba, mtagusana magoti. Sijasikia mtu aliyekufa kwa kugusana goti na ndugu yake.

Mnajua nilikuwa nani. Nyaraka za ofisi ziliniita mwanaakiolojia, mtaani waliniita Daktari wa Magofu, na sikukasirika, maana ni kweli: daktari ambaye wagonjwa wake wote walikwisha kufa kabla yeye hajazaliwa, na kazi yake ni kuwazuia wasife tena. Ujana wangu wote niliupitisha kwa magoti, brashi mkononi, nikipangusa vumbi taratibu kana kwamba chini yake kuna mtoto amelala. Siku ya kwanza nilipoleta nyumbani sanduku la vigae, mama yenu aliacha cherehani yake, akachukua kimoja, akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mume wangu, umepotea msimu mzima ili uniletee chungu kilichovunjika? Mbona vizima vimejaa sokoni?" Nikamweleza kwamba kilivunjika kabla ya babu wa babu yake. Akasema, "Basi aliyekivunja hawezi tena kukilipa. Nawa mikono, ule."

Huyo ndiye mwanamke aliyevumilia wake wenza wa mawe.

Na mke mkubwa kati ya hao, nyote mnamjua, ni ule mnara wa mlimani. Nilipoanza kuutengeneza ulikuwa umeinama kama mzee anayetafuta miwani yake. Nilipanda jukwaa, nikabandua lipu iliyokufa, na nyuma yake, kwenye chokaa ya zamani, nikakuta alama ya vidole. Vidole vya mtu, wanangu. Fundi asiyejulikana jina, aliyeegemea ukuta ukiwa bado mbichi, labda alichoka, labda aliitwa kula, akaacha vidole vyake pale karne kwa karne. Niliweka vyangu juu ya vyake. Wafanyakazi walidhani nimeshikwa na kizunguzungu, wakaniteremsha kwa kamba. Jioni ile nilirudi nyumbani nikawa napiga lipu ukuta wa jikoni, na mama yenu alipopita na sufuria nikamwambia, bibi, hebu weka kiganja chako hapa. Akasema nina wazimu. Akakiweka.

Bado kipo, nyuma ya mlango. Nitakirudia. Nimesema nitasimulia vibaya.

Sasa sikilizeni jambo la chokaa, kwa sababu humo ndimo ulimo urithi wenu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimekula mshahara wa methali hiyo maisha yangu yote. Lakini wahenga hawakusema uuzibe kwa kitu gani, na hapo ndipo watu wengi wamejenga kuta mara mbili. Ukuta wa kale unapumua. Unakunywa mvua, jua likitoka unaitema. Ukiupaka saruji umeuziba pua na mdomo. Maji yanabaki ndani, yanakula chokaa kimyakimya, na nje unang'aa kama bwana harusi mwenye homa. Tena shikeni hili: kinachounganisha mawe lazima kiwe laini kuliko mawe yenyewe. Ardhi ikitikisika, pa kupasuka pawe ni kwenye kiungo, kwa sababu kiungo kinazibika. Kiungo kikiwa kigumu kuliko jiwe, linapasuka jiwe, na jiwe halina dawa. Atakayekwambia vingine, mwonyeshe mnara.

Naona umeinamisha kichwa, mwanangu. Kiinue. Siendi huko kwa nia unayodhani.

Ndiyo, wakubwa wa ofisi walitaka mnara ung'ae kabla mgeni wao hajafika, wakakupa kazi wewe, mjenzi wa maghorofa, unayejulikana mji mzima kwa kumaliza kabla ya siku. Na kabla hujagusa jiwe ulikuja hapa uani, ukasimama kando ya lile shimo lililofunikwa mbao, ukasema, "Baba, nipe chokaa yako, lakini wanataka mwezi ujao." Mimi nikakujibu, "Mnara umesubiri karne nyingi, wakubwa wako watashindwaje kusubiri msimu mmoja?" Jibu zuri sana. Ningekuwa jukwaani wangenipigia makofi. Ulikuja kuomba msaada nikakupa kichekesho, ukaenda zako ukanunua saruji.

Ukaumaliza kwa wakati. Mgeni akapigwa picha. Na mimi nikasimama mbele ya umati, kwa sauti hii ambayo leo haifiki hata mlangoni, nikakuita muuaji. Sikumnong'oneza mtu, nilitangaza. Dada yako, aliyefuata kazi yangu na kurithi ulimi wangu, akaongeza yake miaka michache baadaye, siku ya mazishi ya mama yenu, kwamba aliyeuziba mnara pua asishike sepetu kwenye kaburi la mama. Nawe ukamjibu, nakumbuka, "Basi zikeni nyinyi watu wa mawe, mimi ni mtoto wa cherehani." Ukaondoka na udongo haujajaa.

Mvua zilizofuata, upande mmoja wa mnara ukaanguka. Hakuumia mtu. Alikutwa mbuzi mmoja tu juu ya kifusi, anatafuna, na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu ndiyo kazi ya kinywa changu, kisha nikaenda nyuma ya kile kifusi nikakaa chini peke yangu.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu, mengine yanakuja yenyewe kutoka juu.

Upande uliobaki hautavuka masika yanayokuja. Hilo mnalijua nyote wawili. Binti yangu una kibali cha kuutengeneza, una macho, una mikono yangu. Huna mafundi, huna majukwaa, na chokaa mpya ya dukani haitafaa kazi ile. Mwanangu una mafundi, una majukwaa, una magari. Huna kibali, na huna uso wa kupanda tena mlima ule. Nimelala hapa nikiwaangalia kama mtu anayetazama jozi ya viatu, kimoja kiko uvunguni na kingine kiko juu ya kabati, na mwenye miguu anakwenda peku.

Basi nagawa. Tulieni, msiniingilie, mgawaji yuko kazini.

Miko yangu ya kupakia lipu, timazi ya kupimia wima wa ukuta, brashi na michoro yote ya mnara ni ya binti yangu. Hilo mlilitarajia. Lile shimo la chokaa uani ni la kifungua mimba. Hapana, hamkusikia vibaya, na homa haijapanda. Ni la kwako, mwanangu, na lilikuwa lako kabla hujajua kuita baba. Siku ulipozaliwa, mkunga alinifukuza chumbani kwa sababu nilikuwa nafanya mzaha ili nisilie, nikatoka uani bila kazi, nikachimba. Nikamwaga mawe ya chokaa yaliyochomwa, nikayatia maji, yakachemka na kufuka moshi hadi majirani wakaja na ndoo wakidhani nyumba inaungua. Na katikati ya moshi ule nikakusikia unalia. Chokaa ikilala chini ya maji haigandi. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika, mpaka inakuwa kama siagi. Kila kiangazi nililiongezea maji shimo lako lisikauke. Nililiongezea hata miaka ile ambayo mimi nawe hatukusalimiana. Nilikuwa natoka na ndoo, mama yenu anachungulia dirishani, ananiambia, "Mpelekee na salamu basi." Nami nasema, huyu hapa nampelekea maji.

Sasa haya ni machozi. Nimetangaza kama nilivyoahidi.

Kwa hiyo mwenye miko hana chokaa, na mwenye chokaa hana miko. Msiuziane. Msipeane kwa wakili. Mkutane pale mlimani, mmoja achanganye, mwenzake apake. Mkigombana, gombaneni huko huko juu mkiwa kazini. Ugomvi wa jukwaani haudumu, kwa sababu kila mtu anamhitaji mwenzake ampe karai. Na pale mlipounganisha msipafiche. Mtu akiwa mbali aone mnara mmoja. Akikaribia, aone wazi hapa ni pa kale na hapa ni penu. Kovu si aibu. Aibu ni kupaka rangi juu ya kidonda.

Fungua mlango, binti yangu. Wazi kabisa, najua majirani wako barazani wanajifanya wanakinga mvua. Jirani zangu! Nilimwita mwanangu muuaji mbele yenu. Leo nalirudisha neno lile mbele yenu: alikuwa mwana aliyeharakishwa na wakubwa na kukataliwa na baba. Mmesikia? Haya, na huyo anayekohoa hapo nje akalale, sauti yake inanitisha kuliko yangu.

Nyumba... nyumba ni yenu wote wawili. Msiigawe kwa ukuta. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna kiganja cha mama yenu. Pasipakwe rangi, pasipigwe msumari, pasiwekwe kabati. Siku mkimkumbuka, wekeni vyenu juu ya chake. Mimi nimekuwa nikifanya hivyo kila asubuhi nikienda kuchemsha chai. Ukuta ule una ubaridi, lakini ukikaa kidogo... unapata joto.

Mnizike kando yake. Jiwe dogo, la hapa hapa, lisichongwe sana. Juu yake msiandike daktari wa chochote.

Sogeeni. Leteni mikono. Huu wa kulia, huu wa kushoto, hivi. Mungu awape subira ya chokaa. Awape maneno laini kuliko mioyo yenu, ili pakipasuka, pazibike. Mzae watoto wanaocheka kama bibi yao. Ugomvi wenu naondoka nao mimi, mzigo wangu una nafasi. Amina. Semeni amina. Wote... kwa pamoja. Haya.

Bado jambo moja. Msingoje nife, mnara ni wa kesho, paa ni la leo. Miezi hii mmekuwa mkitumiana maneno kwa majirani, huyu anasema mjenzi ni wewe, yule anasema anayeishi hapa ni wewe, na beseni linajaa. Ngazi iko nyuma ya nyumba. Kaka apande, dada ashike ngazi. Ashike vizuri... bila kuitikisa.

Mkifika juu mtaona ufa mrefu, na ndani yake kuna saruji, ngumu, imebanduka pande zote, imeita maji kutoka kila upande. Mtashangaa ni hayawani gani aliyeziba paa la kale la mawe na chokaa kwa saruji, katika nyumba hii, yenye shimo la chokaa uani. Mtamtukana. Ni haki yenu. Alikuwa na haraka, mnara ulikuwa unamngoja, mkewe alimsihi afanye taratibu, akamwambia, bibi, hili ni paa tu.

Lakini mtukaneni kwa sauti ndogo, wanangu. Dirisha liko wazi, na huyo fundi... ndiye huyu anayelowa.