Fondo wa Ganze na Feri Iliyoondoka

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliye jikoni na apunguze moto, aliye dukani na amwombe mteja wake subira kidogo. Leo tunamkumbuka Fondo Mwambire wa Ganze. Mpanda baiskeli. Mchukuzi wa makaa. Mume wa Sidi, baba wa Kadii. Fondo Mwambire amefariki mwezi huu wa Machi, mwaka huu wa themanini na tisa, na amezikwa kwao Ganze.

Wengi wenu mlimjua kwa mbio. Mlisimama kando ya barabara pale Gede mkamshangilia. Lakini kuna jambo moja katika maisha yake ambalo watu wamelisema nusunusu, na mimi leo nitalisema lote. Nawaonya mapema kwamba linaniudhi hata sasa.

Fondo hakujifunza baiskeli kwa mashindano. Alijifunza kwa makaa. Kutoka Ganze hadi Kilifi, barabara ya vumbi na mawe, gunia nyuma, gunia jingine juu yake, na kidumu cha maji kikining'inia kwenye usukani. Penye mteremko unashika breki na kumwomba Mungu. Penye mlima unashuka na kusukuma. Ukifika Kilifi unavuka na feri, kisha unaendelea hadi Mtwapa, kwenye wateja. Na wewe unayecheka huko, hebu jaribu siku moja tu.

Na alikuwa akiipenda kazi hiyo! Sidi, mjane wake, ametuambia hivi: "Alikuwa akirudi amechoka hata kumega sima hawezi, halafu anacheka peke yake. Nikimwuliza unacheka nini, huniambia, 'Kuna saa, Sidi, miguu husahau kabisa kwamba inafanya kazi. Upepo unapita masikioni, baiskeli inakwenda kama yenyewe. Ungeionja saa hiyo, usingeniuliza.'"

Na kuna saa nyingine, wala Fondo hakuificha. Saa ya njaa ya njiani, ile inayokushika ghafla kwa sababu ulipuuza kula mapema. Miguu inakuwa kuni. Macho yanaona maji pasipo na maji. Unamchukia kila mtu aliyelala nyumbani kwake. Fondo alikuwa akisema kwamba saa hiyo ndiyo unamjua mwenzako, kwa sababu mwenzako ndiye atakayekukatia kipande cha muhogo, au atakuacha hapo.

Sasa, mwenzake alikuwa nani? Mwenzake alikuwa Randu. Randu ni ndugu yake Sidi, tumbo moja. Kwa hiyo Randu na Fondo walikuwa mashemeji. Walikuwa wakiitana mulamu, kama wanavyoitana mashemeji wa kwao. Fondo ndiye aliyemnunulia Randu baiskeli ya kwanza, akamfundisha kufunga mzigo, akamfundisha kukingiana upepo. Ule upepo wa kusi ukivuma kutoka Mombasa unakupiga kifuani. Basi mmoja anatangulia na kuupokea, mwingine anajibanza nyuma ya gurudumu lake na kupumzika, kisha wanabadilishana. Walifanya hivyo miaka na miaka. Karisa, jirani yao na mchukuzi mwenzao, anasema ukiwaona kwa mbali ungedhani ni mtu mmoja.

Nisikilizeni hapa vizuri, wasikilizaji wapendwa, kwa maana mambo yote yanasimama hapa. Wachukuzi wa makaa wana desturi yao pale Kilifi. Wanaiita kuzuia feri. Wakija wengi, anayefika wa kwanza anasukuma baiskeli yake hadi kwenye lile bamba la chuma ambalo magari hupandia. Hapo anachomoa mnyororo wa baiskeli, anachuchumaa, na kujifanya anahangaika nao. Mikono inajaa grisi. Madereva wanapiga honi, wanamtukana yeye na ukoo wake. Yeye anahangaika tu, mpaka awaone wenzake wametokea juu ya mteremko. Hapo mnyororo unarudi mara moja! Mabaharia wa feri wanaijua hila hiyo, na huwa wanacheka. Mchukuzi wa makaa hawezi kumwacha mwenzake ng'ambo. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo Fondo alivyoamini dunia ilivyo.

Mwaka wa themanini na nne, mwezi wa Agosti, yakatangazwa mashindano ya kutoka Malindi hadi Mombasa. Atakayekuwa wa kwanza ataingia timu ya Mkoa wa Pwani, aende kushindana Nairobi. Mtu mmoja tu. Fondo alikuwa hajawahi kufika Nairobi, na aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Sidi anasema alikuwa akiitaja hata usingizini.

Fondo na Randu wakapatana. Watakingiana upepo hadi Kilifi. Watapanda feri moja. Watakingiana tena hadi daraja la Mtwapa. Baada ya Mtwapa, kila mtu na miguu yake. Walipatana barazani kwa Fondo, Sidi akisikia, na wakapeana mikono.

Siku ikafika. Waliondoka Malindi asubuhi, kundi kubwa, wengine na baiskeli za mbio zilizotoka Ulaya. Fondo na Randu walikuwa na zile nyeusi nzito za kubebea makaa. Watu wakawacheka. Lakini walipofika msitu wa Arabuko, wale wa baiskeli za Ulaya walikuwa nyuma, wanahema. Kule msituni upepo unapungua, lami inapoa, ndege wanapiga kelele. Fondo alimwambia Sidi baadaye kwamba ile ndiyo ilikuwa saa tamu kuliko zote alizopanda baiskeli. Alikuwa mbele, na shemeji yake alikuwa nyuma ya gurudumu lake, na Nairobi ilikuwa inakaribia.

Kabla ya kufika Kilifi, gurudumu la mbele la Randu likapata pancha. Mwiba mrefu umepita tairi na tyubu. Wakashuka wote wawili. Nyuma yao barabara ni tupu, lakini si kwa muda mrefu. Wakikaa wote wawili kuziba, watapitwa wote wawili.

Fondo akafikiri kama mchukuzi wa makaa. Yeye ndiye mwepesi wa kuziba. Akachukua spana, akafungua gurudumu lake la mbele, zima kabisa, akalitia kwenye baiskeli ya Randu.

"Tangulia, mulamu," akamwambia. "Kazuie feri. Naziba, nakuja."

"Nitaizuia," akasema Randu. "Usiwe na wasiwasi."

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Fondo alimpa Randu gurudumu lake. Randu alisema ataizuia feri.

Fondo akaziba upesi, akalifunga lile gurudumu la pancha kwenye baiskeli yake, akapanda. Aliukanyaga mwendo ambao mwenyewe hakuwahi kuukanyaga. Akafika juu ya mteremko wa Kilifi na kutazama chini. Feri ilikuwa katikati ya mkondo. Randu alikuwa amesimama ndani yake, amempa Fondo mgongo. Fondo akaita. Akaita tena. Randu hakugeuka.

Wale wa nyuma wakamkuta pale pale, ameketi juu ya jiwe. Wakavuka naye safari iliyofuata. Akawapita wote kabla ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, akiupokea ule upepo peke yake. Akafika Mombasa wa pili. Wa kwanza alikuwa Randu, kwa gurudumu la Fondo.

Mnajua Randu alimwambia nini? Alimwambia, "Feri si ya baba yangu, mulamu. Ingekungoja vipi?"

Na Fondo akaamini! Hilo ndilo linaloniuma. Akamshika mkono, akampongeza, akarudi Ganze akamwambia mkewe kwamba feri iliondoka, bahati mbaya. Randu akaenda Nairobi. Aliporudi akapata kazi nzuri hotelini Watamu, kwa ajili ya jina lile. Fondo akarudi kwenye makaa, na kila mtu akimsikitikia yeye anamtetea shemeji yake.

Ilipita karibu miezi mitatu. Siku moja Fondo anavuka na magunia yake. Menza, baharia anayefunga mnyororo wa feri, akamwuliza kwa mzaha, "Wewe Fondo, mlikosana nini na shemeji yako? Siku ile ya mbio mimi nilimwuliza, mwenzako yuko wapi, tungoje? Akaniambia, 'Sina mwenzangu. Ondokeni.'"

Menza anasema Fondo aliushika usukani wake mpaka feri ikafika. Alishuka ng'ambo, akageuza baiskeli na mzigo wake wote, akarudi na feri hiyo hiyo.

Alikwenda Watamu. Alimkuta Randu nje ya hoteli, amevaa sare.

"Menza alikuuliza nini siku ile?"

"Menza yupi?"

"Alikuuliza kama una mwenzako."

Randu akatazama chini. "Mulamu, yale ni mashindano. Kila mtu alikuwa anataka kushinda."

"Mashindano yalikuwa baada ya Mtwapa," Fondo akasema. "Kabla ya Mtwapa tulikuwa nini?"

 Fondo akaondoka. Nyumbani hakumwambia mkewe. Sidi alikuja kuyasikia kwa Karisa, mwaka mzima baadaye, akamkabili mumewe, mbona hukuniambia? Fondo akasema, "Ningekuambia nini? Ni ndugu yako. Nilitaka angalau wewe ubaki naye."

Tangu hapo Fondo hakupanda tena na mtu. Alishinda mbio nyingine, ndiyo. Alikwenda hadi Lunga Lunga mpakani na kurudi, na watu wakamsifu. Lakini hakumkingia mtu upepo, wala hakukubali kukingiwa. Akimwona mchukuzi mwenzake mbele, anapunguza mwendo mpaka apotee. Feri akiikosa, ameikosa. Karisa alimwomba mara nyingi waandamane, na kila mara alijibiwa, "Nikiwa peke yangu, hakuna wa kunidanganya."

Mwezi huu wa Machi homa ikamshika. Sidi akamwambia amngoje Karisa, ampeleke hospitali ya Kilifi kwenye keria ya baiskeli yake. Karisa alikuwa ameshaitwa, yuko njiani anakuja. Fondo akasema ataweza mwenyewe. Akatoka na homa yake, juani, peke yake. Karisa alimfuata mbio, akamkuta kando ya barabara karibu na Jaribuni, baiskeli imemlalia. Hakufika Kilifi.

Sidi amesema maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyatoa: "Mume wangu ameuawa na homa, sisemi vingine. Lakini aliiendea homa hiyo peke yake, na namjua aliyemfundisha kwenda peke yake."

Wasikilizaji wapendwa, juzi tumepokea salamu za rambirambi kutoka kwa Randu. Ameomba zisomwe katika kipindi hiki. Anasema alimpenda shemeji yake. Anasema haipiti siku bila kuiona ile feri. Mimi sina kipimo cha moyo wa mtu, huenda ni kweli. Tulimpelekea Sidi salamu hizo, tukamwuliza tufanye nini. Akasema, "Mtajeni kwenye habari, kwa maana humo yumo. Kwenye rambirambi msimtaje."

Ndugu Randu, kama unatusikiliza huko Watamu, umesikia.

Nasi wengine tujiulize usiku wa leo. Yuko mtu aliyekupa kitu chake kizima akabaki na kibovu, kwa sababu ulimwambia utamngoja? Basi inuka ukamngoje, maadamu bado yuko njiani.

Kwa niaba ya wote wa kipindi hiki, tunatoa pole kwa Sidi, mjane wa marehemu. Kwa binti yake, Kadii. Kwa jamaa yote ya Mwambire, Ganze. Kwa Karisa, aliyemfuata hadi Jaribuni. Kwa Menza, na mabaharia wa feri ya Kilifi. Kwa wachukuzi wote wa makaa. Mungu ailaze roho ya Fondo mahali pema.

Majina yameishia hapo, kama Sidi alivyotaka.