Kipande Kile Chini ya Sufuria

Ndugu, jirani, na ninyi wanajeshi mliomrudisha nyumbani, haya ni maneno yangu mimi bibi yake, anawasomea mjomba wake kwa kuwa sauti imenikauka.

Marehemu mjukuu wangu, sajini, ambaye ninyi kambini mlimwita Kizibo na mimi nikimwita mume wangu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1990 katika chumba changu cha nyuma, nikampokea kwa mikono hii. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1997 hadi 2003, kisha ya ufundi hadi 2008, na mwaka huo babu yake, fundi wa pampu, alikuwa anakohoa hata kulala hawezi.

Babu huyo miaka yote alikata gasketi za asbesto, zile za kuziba maungio ya mashine yasivuje, na vipande vilivyobaki aliniletea niweke chini ya sufuria ya moto, maana haviungui, nami nikifagia vumbi lake kila asubuhi, nikikung'uta na ovaroli lake pale mlangoni. Mapafu yalimshinda tarehe 2 Februari 2009. Daktari alipotueleza kuwa ni vumbi hilo la asbesto lililomuua, mjukuu wangu aliingia jikoni, akakilowesha kile kipande cha mwisho cha chini ya sufuria vumbi lisiruke, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akasema, "Bibi, hiki hakilali humu tena," nikamjibu, "Basi sufuria utanishikia wewe, mume wangu," tukacheka huku tunalia.

Alijiunga na jeshi mwaka 2010, fundi mitambo, akaikuta asbesto ileile stoo, akaapa kutafuta mbadala. Gasketi ya mpira iliyeyuka, ya karatasi ngumu ikapasuka mbele ya mkuu wake, wenzake wakamtania, "Kizibo, umeziba nini sasa?", naye akaendelea kuwaandikia wauzaji miaka miwili, hadi ile ya grafiti, nyeusi kama risasi ya penseli, ilipouweza moto wa injini. Stoo ikasafishwa.

Tarehe 16 Desemba 2016 alimwoa fundi cherehani huyu aliyeketi kando yangu, wakajaliwa binti mmoja, sasa ana miaka sita.

Hakuugua. Tarehe 3 Mei 2024 alikwenda kufunga gasketi kwenye injini ya pampu ya maji ya kambi ya wakimbizi, na wakati wa kurudi gari lao likakanyaga bomu lililofukiwa, akafariki jioni hiyohiyo.

Tunawashukuru madaktari wa jeshi waliohangaika naye, wenzake waliombeba, na majirani wanaotupikia, tangu juzi sijawasha jiko mimi.

Mkuu wake ameniambia pampu ile bado inavuta maji, haijavuja hata tone.

Pumzika kwa amani, mume wangu, sufuria nitaishika mwenyewe.